Ukiachiwa Kijana Aliyeumia: Mwongozo kwa Shangazi, Bibi, Mjomba na Walezi Wengine

Kaka yako amefariki, au mdogo wako ameachana na mumewe na kila mmoja ameshika njia yake, na sasa binti wa miaka 14 yuko kwako na begi moja na sare ya shule aliyotoka. Hujui ameona nini huko. Unajua tu kwamba mezani hasemi, usiku hataki taa izimwe, na wiki ya tatu umemwona akishuka kwenye bodaboda ambayo nauli yake hukuitoa wewe. Kwa hofu unamwita sebuleni, unamkalisha, unaanza kumsomea somo la UKIMWI.

Subiri kwanza. Somo hilo analo. Amelipata darasani, amelisikia redioni, na kama ametoka Njombe, Iringa au Kagera huenda amelisoma kwenye matanga ya nyumbani kwao.

Jambo hili lilishapimwa hapa hapa nchini. Mwaka 1999 mkoani Mwanza ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 zilihusika, na nusu yake zilipewa kila tunachodhani kijana anakihitaji: vipindi vya afya ya uzazi katika shule za msingi, wahudumu wa zahanati waliofunzwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia, na kondomu kupatikana karibu. Karibu miaka tisa baadaye vijana wa jamii hizo walipimwa. Ujuzi wao kuhusu VVU ulikuwa umepanda, na ulibaki juu kwa miaka yote hiyo. Lakini maambukizi hayakutofautiana na ya vijana wa jamii ambazo hazikupata mradi.

Matokeo hayo hayasemi kwamba elimu ni bure. Yanasema kijana anaweza kujua kila kitu na bado akapanda bodaboda ile. Ukitaka kumsaidia, jiulize safari ile inamtatulia shida gani. Kuna kitu anakipata pale: nauli, mtu wa kumsifia, saa mbili za kusahau, au mahali pa kuwa mbali na nyumba inayomtisha. Ukikataza bila kukijua kitu hicho, atakitafuta kwa njia nyingine, na safari hii kwa kujificha zaidi.

Utoto unavyomfuata mtu

Katika miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti wa San Diego, California, alikuwa na kliniki ya kupunguza unene. Alishangaa kuona wanaofanikiwa kupungua ndio wanaotoroka. Alipowahoji kwa kina, akakuta wengi walinajisiwa wakiwa watoto, na baadhi walimweleza kwamba mwili mnene uliwakinga na macho ya wanaume. Kile alichodhani ni ugonjwa, kwao kilikuwa dawa. Baadaye yeye na mwenzake Robert Anda wakawauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mgonjwa wa akili au na mtu aliyewahi kufungwa. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Kadiri idadi ya mambo hayo ilivyoongezeka kwa mtu, ndivyo ilivyoongezeka hatari ya ulevi, dawa za kulevya, kujaribu kujiua, wapenzi wengi na magonjwa ya zinaa.

Unaweza kusema hayo ni ya Marekani. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, mtafiti Rachel Jewkes na wenzake waliwafuatilia vijana wa vijijini ambao mwanzoni hawakuwa na VVU, na mwaka 2010 wakachapisha walichokikuta. Wasichana walionajisiwa utotoni, waliopigwa, na hata wale ambao waliumizwa kwa maneno na dharau, waliambukizwa zaidi kuliko wenzao. Tafadhali usiipite haraka hiyo ya maneno. Huku kwetu kumwambia mtoto "umefanana na mama yako malaya" hatuhesabu kuwa ni ukatili.

Nasi tuna hesabu zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao Tanzania iliufanya kwa msaada wa UNICEF na wataalamu wa Muhimbili, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili. Kwa hiyo kijana uliyepewa si wa ajabu. Huenda hata wewe unayesoma umo katika hesabu hiyo.

Namna madhara haya yanavyotoka utotoni hadi kwenye damu si fumbo. Wakati mwingine njia ni fupi: aliyemnajisi ndiye aliyemwambukiza. Mara nyingi ni ndefu. Mtoto aliyelelewa kwenye vurugu mwili wake hujifunza kukesha, kishindo cha mlango kinatosha kumrusha, na kijana mwenye mwili wa namna hiyo akionja pombe anahisi kwa mara ya kwanza kwamba amepumzika. Aliyezoea kwamba "hapana" yake haisikilizwi hawezi ghafla, akiwa na miaka 16 chumbani na mwanaume wa miaka 30, kudai kondomu. Tena aliyezoea ahadi kuvunjwa haweki akiba. Baba aliahidi kurudi, hakurudi. Mama aliahidi kupona, akafa. UKIMWI unaomtishia nao ni habari ya kesho, ya miaka kumi ijayo, na yeye kesho haiamini. Anaiamini chipsi ya leo.

Wiki za mwanzo

Usimhoji. Najua unataka kujua yaliyotokea kule, na ndugu watakupigia simu kuulizia, lakini mtoto anayebanwa aseme hujifunza kusema unachotaka kusikia. Anza na vitu vidogo visivyobadilika. Mwambie chakula cha usiku ni saa fulani na kiwe saa hiyo kweli. Ukisema utamfuata shuleni Ijumaa, nenda Ijumaa. Mwonyeshe atakapolala, na kama nyumba ni ndogo, hakikisha halali chumba kimoja na mwanaume yeyote, awe binamu, mpangaji au mgeni wa siku mbili. Watoto wengi wananajisiwa na watu wanaojulikana nyumbani, kwa hiyo usione haya kupanga malazi upya. Anayenung'unika kwamba unamshuku mwache anung'unike.

Mazungumzo yatafutie kazi ya mikono. Kuchambua mboga, kufua, kutembea kwenda gengeni. Kijana aliyeumia huongea vizuri zaidi asipotazamwa usoni. Baada ya "shikamoo" na "marahaba" usimwulize "kuna tatizo gani?" kwa sababu jibu ni "hamna." Jaribu hivi: "Leo shuleni ni nani alikuudhi?" Au: "Ungekuwa na uwezo, ungebadilisha nini hapa nyumbani?" Akijibu kwamba angebadilisha sauti yako ya kufoka, pokea. Amekupa siri ya kwanza.

Utaona vitu vitakavyokukera: kuiba sukari, kuficha mkate chini ya godoro, kukojoa kitandani akiwa mkubwa, kusema uongo hata pasipo na sababu, kukumbatia mgeni yeyote anayemchekea. Ukimkuta ameficha mkate, usimwaibishe mbele ya watoto wako. Mwonyeshe kabati ambalo anaweza kufungua wakati wowote bila kuomba. Huo uficho una historia yake.

Pesa ndogo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo walezi wema wanapoteleza. Tunalisha, tunavisha, tunalipa michango ya shule, tunadhani tumemaliza. Lakini binti wa miaka 15 ana mahitaji ambayo hayamo kwenye sufuria: pedi, chupi, mafuta ya kujipaka, kusuka, bando, nauli ya siku ya mvua, maandazi ya saa nne wenzake wanapokula. Kila kimoja ni kidogo mno kukuomba, hasa akiwa anajiona mzigo. Kila kimoja yuko mtu mtaani aliye tayari kukitoa.

Miaka ile redio zilipokuwa zikirusha matangazo ya Fataki, yule mwanaume mtu mzima anayewarubuni wanafunzi, nchi nzima ilicheka na jina likabaki. Tulijifunza kumtambua fataki. Hatukujifunza vya kutosha kuuliza alikuwa analipia nini. Siku hizi kutoa mwili kwa ajili ya vitu hivyo vijana wenyewe wanakuita kudanga, na wanalitamka neno hilo kwa ujasiri unaoficha aibu.

Ushahidi kwamba pesa kidogo inakinga ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Kenya serikali ilianzisha ruzuku kwa kaya zinazolea yatima, na vijana wa kaya hizo walionekana kuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 31 wa kuwa wameanza ngono, wakilinganishwa na wa kaya kama zao zilizokuwa hazijafikiwa. Huko Zomba, Malawi, wasichana waliokuwa shuleni walipewa fedha kidogo kila mwezi, wao na wazazi wao. Baada ya miezi 18, waliokutwa na VVU walikuwa asilimia 1.2, kwa wasiopewa, asilimia 3.0. Haikuleta tofauti kama fedha ile ilikuwa na sharti la mahudhurio au haikuwa nalo. Na Afrika Kusini kundi la mtafiti Lucie Cluver likaongeza jambo muhimu: fedha peke yake ilipunguza hatari kwa wasichana lakini si kwa wavulana; ilipoambatana na mzazi mwenye upendo au mwalimu anayejali, hatari ilipungua kwa takriban nusu kwa wote.

Basi fanya hivi. Kaa naye, andikeni pamoja anachohitaji kwa wiki. Mpe kiasi mnachokimudu, siku ile ile kila wiki, na usimdai hesabu. Pedi usimpe moja moja kama posho ya mfungwa. Nunua pakiti iwe yake. Kama kaya yako iko kwenye mpango wa TASAF wa ruzuku kwa kaya maskini, jua kwamba sehemu ya fedha ile ni ya huyo mtoto, na mwambie hivyo. Kama huna kabisa, sema ukweli kwamba huna, kisha mpe kitu kiwe chini ya mamlaka yake: kuku wawili, tuta la mchicha, sinia la karanga za kuuza Jumamosi karibu na nyumbani. Asitembeze biashara usiku wala kwenye baa.

Zaidi ya yote, usimsimange. Ukimpa sare kisha ukamkumbusha sare hiyo kila anapokosea, umemfundisha kwamba kupokea nyumbani kunauma. Fataki hasimangi, angalau mwanzoni.

Ukiona simu mpya, usiivunje. Sema: "Simu nzuri. Nani kakupa, na anataka nini?" Nyamaza usubiri. Swali la pili ndilo lenye kazi, na atalibeba kichwani hata asipolijibu.

Shule, na umbali wa shule

Botswana ilibadili mfumo wake wa elimu mwaka 1996, na kwa hiyo baadhi ya vijana walisoma sekondari mwaka mmoja zaidi. Watafiti waliporudi kuwapima wakiwa watu wazima, wakakuta kila mwaka wa ziada wa sekondari ulipunguza uwezekano wa kuwa na VVU kwa takriban pointi 8 za asilimia, kutoka kiwango cha awali cha takriban asilimia 25. Sijui chanjo iliyotufikia ikatupa hilo.

Mtoto wa msiba huwa nyuma kimasomo. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, watafiti waliwafuatilia watoto kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 hadi ukubwani. Waliofiwa na mama walipoteza wastani wa mwaka mzima wa masomo na sentimita 2 za urefu wao wa mwisho. Kwa hiyo usiache hata muhula upite bila uhamisho kukamilika. Nenda kwa mwalimu wa malezi umweleze kwa sentensi mbili tu kwamba mtoto amepitia magumu na kwamba adhabu za fedheha zitamrudisha nyuma. Hana haja ya kujua zaidi.

Kama shule ya kata iko mbali, tahadhari na geto. Wanafunzi wengi hupangishiwa chumba karibu na shule, na mwenye chumba hana wa kumuuliza karudi saa ngapi. Afadhali atembee, au akae kwa mama mtu mzima mnayemwamini. Na akipata mimba, safari haijaisha: tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Mkuu wa shule akikuambia vinginevyo, mwulize anatumia waraka gani.

Fimbo

Wengi tulichapwa na tunasema tumekua. Sawa. Lakini huyu ameshapigwa na mtu aliyetakiwa kumlinda, na mwili wake hautofautishi fimbo ya upendo na ile nyingine. Ukimchapa kwa kuchelewa kurudi, hatawahi kurudi. Atatafuta pa kulala. Weka sharti lenye gharama inayojulikana mapema: ukichelewa, Jumamosi hutoki. Lisimamie bila kelele. Na siku amechelewa kwa sababu amekimbia hatari, ajue anaweza kupiga simu hata saa sita usiku, utakuja, na hutauliza kitu hadi asubuhi. Ahadi hiyo itimize mara moja tu, uone itakavyobadilisha nyumba.

Wavulana

Mvulana aliyeumia haleti mimba nyumbani, kwa hiyo hatumwoni. Tunamwona akishakuwa mlevi, au akishampiga msichana. Wale wavulana 1 kati ya 7 wa utafiti wa 2009 walinyamaza zaidi kuliko wasichana, kwani aliyemwambia mtoto wa kiume kwamba naye anaweza kunajisiwa ni nani? Mwambie wewe. Mwambie kwa maneno ya wazi kwamba hakuna mtu, mwanaume wala mwanamke, mwalimu wala kaka wa gereji, mwenye ruhusa ya kumgusa sehemu za siri, na kwamba ikiwa limeshatokea halimpunguzii uanaume wake. Akiwa na jimama linalomlea, usilicheke kama ushindi. Ni fataki aliyevaa gauni.

Kama alimwona baba akimpiga mama, atafutiwe mwanaume mmoja asiyepiga, afanye naye kazi za mikono, amwone akikosana na mkewe na kupatana naye.

Akikuambia

Siku atakayosema haitachagua muda mzuri. Utakuwa unaosha vyombo. Usimpigie mtu simu, usilie kwa sauti, usikimbilie panga. Sema: "Nakuamini, mwanangu. Hukukosea. Umefanya vizuri kuniambia." Usiulize "mbona hukupiga kelele?" wala "ulikuwa umevaa nini?" Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu itabidi uwaambie wanaoweza kumsaidia, mweleze ni nani na kwa nini.

Kisha uliza jambo moja: ilikuwa lini.

Ikiwa hazijapita saa 72, saa ndiyo adui yako. Zipo dawa za kuzuia VVU visishike mwilini baada ya tukio, ambazo hospitalini wanaziita PEP. Lazima zianzwe ndani ya saa hizo 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Saa mbili usiku wa leo ni bora kuliko kesho asubuhi. Zinamezwa kwa siku 28 bila kukatisha. Binti atahitaji pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo vinasaidia hadi siku ya tano lakini hupungua nguvu kila siku inayopita. Wasichana wengi wanazijua P2, na wengi wanaogopa mimba kuliko virusi; mweleze kwamba P2 haizuii VVU, ni dawa mbili tofauti kwa hatari mbili tofauti.

Asioge kabla ya kupimwa, ingawa atatamani kuoga kuliko kitu chochote. Nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Beba nguo nyingine za kubadili. Nenda hospitali, ukiweza ile yenye kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana na mtoto mahali pamoja asilazimike kurudia maelezo yake kila dirisha. Fomu ya polisi, PF3, ni ya kesi. Usikubali dawa ichelewe kwa ajili ya karatasi, sema kwa sauti ya adabu lakini isiyorudi nyuma: "Naomba aanze PEP sasa, fomu tunaifuata." Polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta. Ukikwama popote, piga 116, bure, Tanzania na Kenya pia.

Ikiwa saa 72 zimepita, bado nenda. Kuna vipimo vya VVU na magonjwa mengine ya zinaa, kuna tiba, kuna ushauri nasaha, na kuna tarehe za kurudi kupimwa tena ambazo ni wewe wa kuziandika ukutani.

Halafu litakuja gumu kuliko yote: kikao cha ukoo. Mkosaji ni shemeji, ni mjomba, ni mtu wa heshima. Wazee watataka mambo yamalizwe nyumbani kwa ng'ombe au kwa bahasha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua haki za mtoto zinavunjwa, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ni ubakaji mwanaume kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 nje ya ndoa, hata akidai kwamba alikubali. Lakini mimi nina sababu ya pili, ya nje ya mahakama. Mtoto anaangalia. Mkipokea ng'ombe, amejua bei yake, na atakayefuata atakuja na bei pungufu.

Msiba usioisha

Kijana aliyefiwa anaweza asilie matangani, kisha mwaka mmoja baadaye akaanza kunywa. Tunazoea kuwaambia watoto "usimkumbuke mama, utaumia." Moshi mjini na vijijini, na Bungoma upande wa Kenya, watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey walifanya kinyume chake na watoto yatima 640. Washauri hawakuwa wataalamu wa akili, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Katika vikao 12 vya kundi, na vichache vya mtoto mmoja mmoja, watoto walijifunza kuzitaja hisia zao, kuutuliza mwili kwa pumzi, na kidogo kidogo kusimulia kifo chenyewe hadi kisiwatishe tena. Katika maeneo mengi dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa waliopata huduma za kawaida tu, na kule Bungoma nafuu hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye.

Hutafanya tiba hiyo peke yako, na kama kijana anajikata, anazungumzia kufa, au hali chakula kwa siku nyingi, mpeleke hospitali ya wilaya bila kusubiri. Lakini unaweza kuweka picha ya mama yake ukutani. Unaweza kupika chakula alichokuwa anapika. Unaweza kusema, "Mama yako alikuwa anacheka hivi hivi," ukamwacha alie kwenye sufuria.

Kupima, kinga na wale waliozaliwa navyo

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Furahia hilo, hata kama linakuchoma. Mwambie: "Ukienda kupima nami nisijue, ni sawa. Ukitaka nikusindikize, nitakaa nje." Kuhusu kondomu, anayefikiri kuitaja ni kumpa ruhusa akumbuke kwamba kijana huyu huenda ruhusa aliporwa zamani. Ongea naye namna ya kusema hapana, namna ya kuondoka mahali, na kama ameshaanza, namna ya kujikinga.

Wapo waliozaliwa na VVU na hawajaambiwa kwa nini wanameza vidonge. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa umri wa shule, kati ya miaka 6 na 12, aelezwe hali yake kwa kadiri anavyoelewa. Akigundua mwenyewe kwenye kadi ya kliniki akiwa na miaka 16, ataacha dawa kwa hasira na atawachukia wote waliomdanganya. Omba mshauri wa CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, mfanye pamoja. Na ajue habari njema mapema: anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa ngono, ataoa au kuolewa, na watoto wake wanaweza kuzaliwa salama.

Mtu wa pili

Hata ukifanya yote haya, yapo mambo ambayo hatakuambia wewe, na hasa akikupenda hatakuambia, kwa kuogopa kukuumiza. Mwombe achague mtu mzima mwingine. Achague yeye. Anaweza kumtaja mwalimu wa michezo, mama wa kanisani, ustadhi wa madrasa, au jirani ambaye wewe humpendi kabisa kwa sababu ya mdomo wake. Mchunguze kimyakimya kwa usalama, na kama hana doa, mkubali. Kisha nenda kwake na kilo ya sukari, msalimie, umwombe mambo mawili: asikuletee anayoambiwa, ila maisha ya mtoto yakiwa hatarini asisubiri hadi kesho. Mpe namba yako. Chukua yake, uiandike mahali ambapo kijana anaiona bila kuomba simu yako.